Vichupa Sita vya Sumu ya Nyuki

Damari Chediel hajui kukaa. Umpe kigoda, atakikalia kwa muda wa kumaliza nusu kikombe cha chai, kisha utamsikia uani anamfokea kuku, mara yuko kwa jirani anauliza kama mtama wao umekauka, mara amerudi na mzigo wa kuni ambao hakuna aliyemtuma. Mumewe Melkiori, mtu mpole anayetengeneza baiskeli na pikipiki kando ya barabara pale Rungwa, husema alioa kiguu na njia na mahari akaitoa kwa hiari yake mwenyewe. Damari hucheka akisikia hivyo, ila kicheko chenyewe hukimalizia mlangoni.

Ukimkuta porini utadhani ni mtu mwingine. Huko hatua zake ni za kunyata na mikono yake haina papara, maana nyuki hawapendi mtu wa pupa. Ana mizinga arobaini na mitatu, mingine ya mbao, mingine ya magome ya miti kama ile aliyokuwa akitundika baba yake. Mzee Chediel alihama Ikungi akiwa kijana, akafuata misitu na asali, asirudi tena. Hakujaliwa mtoto wa kiume aliyependa nyuki. Alijaliwa Damari, binti aliyemfuata kila alikokwenda kwa sababu nyumbani hapakumkalisha. Watu wakasema maneno. Mtoto wa kike apande juu ya mti kurina asali, watu walio chini wataona nini? Mzee akamshonea suruali ya kaki, maneno yakaisha.

Mzee huyo alikuwa na masharti yake ya kazi, na kubwa kuliko yote lilikuwa hili: chuma kikavu hakiingii mzingani. Kisu kikavu kinang'ang'ania nta, masega yanavurugika, nyuki wanapandwa na hasira. Kwa hiyo kila kisu kilipakwa mafuta kwanza, tone moja, kikasuguliwa kwa kidole gumba mpaka king'ae. Damari amefanya hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Mafuta yake ni ya alizeti, ya kukamua, yale yanayonukia mbegu kweli, na anapoyapaka hafikirii chochote, kama wewe usivyofikiria unapofunga mlango wa choo.

Basi mafuta hayo ndiyo yaliyomkosesha raha.

Dada yake, Selina, alifariki akiacha mtoto wa miaka sita anayeitwa Enock. Damari alimchukua, akamlea pamoja na wa kwake wawili, na akamfokea sawasawa na wa kwake. Mtoto akatokea kuwa na kichwa. Akapita shule, akapita chuo, akarudi chuoni tena, na sasa alikuwa akitafuta udaktari wa kemia, ule usiokuwa na sindano wala vidonge. Pale Rungwa hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza vizuri anachosomea, ila wote walijivunia, na Damari alijivunia kuliko wote, ingawa mbele ya Enock alijifanya kuona ni jambo la kawaida tu.

Miaka miwili iliyopita Enock alikuja na fremu yenye nyaya nyembamba, kioo na betri ya pikipiki. Akamwonyesha mama yake mdogo namna ya kuitega mlangoni mwa mzinga. Nyuki akitua kwenye waya anashtuliwa kidogo, anakasirika, anachoma kioo kilicho chini. Kioo ni kigumu, mwiba hauzami, kwa hiyo nyuki hafi. Sumu inabaki juu ya kioo na kukauka kuwa ukoko mweupe. Kazi ya Damari ilikuwa kuukwangua ukoko huo kwa wembe, kuutia kwenye kichupa, kukifunga, na kukipandisha basi la Itigi ndani ya boksi la barafu.

"Na sumu unaitakia nini?" aliuliza Damari. "Umepata adui?"

"Mama mdogo, ndani ya sumu hiyo kuna protini moja ndogo sana," alisema Enock. "Ndiyo inayokuuma. Mwili wako umejengwa kwa seli, na kila seli ina ukuta wa mafuta. Protini hiyo ikifika kwenye ukuta, kuna kitu inafanya. Nataka kujua inalala tu juu ya mafuta, au inayatoboa. Tukijua, pengine siku moja tutaweza kuituma ikatoboe seli za ugonjwa na kuacha nzima."

Damari alikubali kabla Enock hajamaliza kueleza. Angekubali hata kama mtoto yule angeomba sumu ya kupaka kwenye mkate.

Kichupa cha kwanza kilimtesa. Alikwangua kwa wembe mpya, mkavu, kama alivyoelekezwa, na ule ukoko ukaruka vumbi. Kitambaa alichofunga puani hakikusaidia kitu. Vumbi likamwingia machoni na kooni, akakohoa mpaka akashikilia mti, na macho yakavimba siku tatu. Alipokaa kukwangua cha pili, mkono ukafanya ulichozoea: ukachukua mafuta, tone moja, ukasugua wembe. Ukoko ukajikunja polepole pembeni bila kuruka, na yeye akavuta pumzi kama binadamu. Kuanzia hapo hakugusa kioo kwa wembe mkavu tena. Vikawa vichupa sita, kimoja cha mateso na vitano vya raha, na vyote vikapanda basi.

Hakumwambia Enock habari ya mafuta, na wala hakuwa anaficha. Nani humweleza mwenzake kwamba amenawa mikono kabla ya kupika? Kwenye daftari alilopewa aliandika tarehe, namba ya mzinga na hali ya hewa. Mafuta hayakuulizwa, naye hakuyaandika.

Mwaka ulipita. Enock akapelekwa miezi mitatu nje ya nchi, mahali ilipo mashine ya kupimia, akarudi, na Jumapili moja ya mwezi wa tisa akashuka Rungwa akiwa na begi mgongoni na uso unaong'aa. Walikuwa ndio kwanza wametoka kanisani.

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda," alisema Damari. "Huko nje hawali?"

Aliwekewa ugali wa mtama, mlenda na kuku aliyekuwa amefokewa asubuhi hiyo hiyo. Kabla hajamaliza kula akafungua begi na kutandaza karatasi mezani. Zilikuwa na mistari iliyopanda na kushuka, kama milima inayoonekana kwa mbali.

"Mashine yenyewe ni sumaku," alianza kueleza. "Kubwa, inakuzidi kimo. Ukiingia chumbani mwake unaacha nje simu, funguo, kila kitu. Unatumbukiza sampuli katikati yake, unaichokoza kwa mawimbi kama ya redio, halafu unasikiliza inavyojibu."

"Sumu inajibu?" aliuliza Melkiori.

"Kila punje yake inajibu, baba mdogo. Fikiria ng'ombe wawili. Mmoja yuko nchi kavu, mwingine amekwama kwenye tope. Ukiwaita, wa nchi kavu anageuka upesi, wa kwenye tope anajivuta. Protini ikiwa huru majini inajibu upesi, na mstari wake unakuwa mwembamba, umechongoka. Ikishikwa na mafuta inajivuta, mstari unavimba."

Melkiori akaitikia kwa kichwa. Hilo la ng'ombe alilielewa kabisa.

"Sasa tazameni," alisema Enock, akigonga karatasi kwa kidole. "Hapa nimepima sumu peke yake. Sijaweka mafuta yoyote. Nilitegemea mstari mwembamba, lakini umevimba. Na hivi vilima vya pembeni ni mafuta. Mama mdogo, sumu ya nyuki wako inakuja na mafuta yake, yameshashikana na protini tayari. Hakuna mtu aliyewahi kuona kitu hicho kwa nyuki yeyote duniani."

Tonge la Damari lilikuwa njiani kwenda mdomoni. Likarudi sahanini. Akainuka, akasema anafuata chumvi, na chumvi ilikuwa mezani mbele ya macho ya watu wote.

Jikoni alisimama akilitazama dumu la mafuta ya alizeti. Hakuwa amesoma kemia, lakini hakuwa mjinga. Yale hayakuwa mafuta ya nyuki hata kidogo. Yalikuwa ya kwake, kutoka dumu lile pale, lenye kifuniko chekundu na nzi mmoja juu yake.

Aliporudi na kibakuli cha chumvi cha pili, Enock alikuwa akieleza habari za Profesa Rahel, mwalimu wake anayemsimamia. Profesa alikuwa anakuja mwenyewe siku ya Alhamisi kuona sumu inavyokusanywa. Ni mama asiyeamini kitu ambacho hajakishuhudia. Akiridhika ataweka saini, na Enock atakabidhi kazi yake kabla mwaka haujaisha. Alikuwa ameshaongezewa muda mara mbili. Mara ya tatu hakuitegemea. Chuo kingemwondoa, na miaka yote sita ingekwenda na maji.

"Alhamisi," alisema Damari.

"Alhamisi, mama mdogo. Wewe utafanya tu kama unavyofanya siku zote."

Tangu hapo Damari hakupata pa kuweka roho yake. Jumatatu alfajiri aliamka akafagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena. Alimfuata Enock kisimani akiwa na maneno tayari mdomoni, na alipomfikia akamuuliza kama shati lake la Alhamisi limefuliwa. Alikwenda kukagua mizinga ambayo alikuwa ameikagua Jumamosi. Alipika maharage, akayasahau jikoni, yakaungua, na harufu ikaenea mpaka kwenye banda la Melkiori. Kila alipomwona mtoto yule ameinamia karatasi zake, akipiga mluzi wa chini chini, aligeuza njia. Alijichukia kwa kunyamaza. Alichukia zaidi kwamba akisema, yeye aliyemlea ndiye atakayemwangusha.

Melkiori alivumilia mpaka saa kumi jioni, akaweka spana chini.

"Una nini?" aliuliza. "Maana hata kwa wewe, hii imezidi."

Damari akamweleza. Melkiori akasikiliza huku akifuta grisi mikononi, na hakucheka, jambo lililomtisha Damari kuliko kama angecheka.

"Mwambie," alisema.

"Nitamwua."

"Akigundua mwenyewe baada ya kupewa hiyo shahada yake, je? Mwambie Damari, na umwambie mapema."

Siku ya pili yake alimchukua Enock porini, akisingizia kumwonyesha mizinga mipya. Walitembea nusu saa. Damari alizungumzia mvua, bei ya nta, mchungaji mpya, harusi moja ya Itigi iliyoharibika kwa sababu ya keki, kila kitu isipokuwa kile kimoja. Walipofika kwenye mzinga wa kumi na saba, ule uliotoa sumu nyingi kuliko yote, akasimama. Alipiga moyo konde.

"Wembe niliokuwa nakwangulia nilikuwa naupaka mafuta," alisema. "Ya alizeti. Tone moja."

Enock akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Tone moja," alisema hatimaye.

"Vumbi lilikuwa linanitoa macho. Babu yako alitufundisha chuma kikavu..."

"Mama mdogo, unajua tone moja ni kubwa kiasi gani kwa sumaku ile? Ni kama kuleta ng'ombe mia na kuniambia kuna mmoja tu." Alikaa chini juu ya mizizi. "Vilima vyote vile. Wiki kumi na mbili nimekaa na vile vilima."

"Nisamehe, mwanangu. Haikuwa vyote, kile cha kwan..."

"Basi," alisema Enock kwa haraka. "Usiendelee. Nimeelewa."

Damari alimwona akiwaza, na alimjua vizuri, kama mlezi anavyomjua mtoto anayehesabu kichwani njia za kutoka. Enock akainua uso. Sauti yake ilikuwa ya upole kupita kiasi.

"Alhamisi, kwangua kwa wembe mkavu. Kama nilivyokuelekeza siku ile ya kwanza. Profesa atatazama, ataona kila kitu kipo sawa, ataondoka. Suala la mafuta usiliseme."

"Nisiseme?"

"Akikuuliza kama ndivyo unavyofanya, sema ndiyo. Neno moja tu, mama mdogo. Nimebakiza hatua moja."

Damari alitamani kumfokea. Ukali wake wa kufoka ulikuwa maarufu, ulikuwa umewahi kumrudisha fisi njiani, lakini siku hiyo haukutoka. Mbele yake hakumwona msomi, alimwona yule wa miaka sita aliyeletwa na mfuko wa rambo wenye nguo mbili. Akaokota bomba la moshi la kutulizia nyuki, akatangulia njia ya kurudi, na Enock akachukua ule ukimya kuwa ni ndiyo.

Jumatano usiulize. Alihamisha kuni kutoka upande huu wa nyumba kwenda upande ule, na jioni akazirudisha.

Profesa Rahel alifika Alhamisi saa tatu asubuhi kwa gari lililojaa vumbi mpaka kwenye nyusi za dereva. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa viatu vya kutembelea vilivyochakaa kweli. Hakuwa na makuu. Alimsalimia Damari kama mtu anayemsalimia mwenye nyumba, akakubali chai, akaomba kuona daftari. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye tarehe chache, kisha Enock akasema jua litakuwa kali, ni vizuri waende. Daftari likaingia mkobani mwa Profesa.

Porini walivaa nyavu. Damari alitega fremu, akawasha betri, na nyuki wa Rungwa wakaonyesha tabia yao. Baada ya dakika ishirini kioo kilikuwa kimefunikwa na doa jeupe. Walisogea nacho mbali, chini ya mti ambako nyuki walikuwa wameacha kuwafuata, wakavua nyavu. Damari akafungua wembe mpya. Kidole gumba chake kikasugua chuma, hakikukuta kitu, kikasugua tena.

Akakwangua kwa wembe mkavu. Vumbi likaruka kama siku ile ya kwanza. Alikohoa, machozi yakamtoka, akaendelea. Profesa naye akakohoa, akarudi nyuma hatua mbili akijifunika pua kwa kanga aliyokuwa ametupia begani. Enock alisimama mbali kidogo, upande upepo unakotokea, na Damari akatambua kwamba katika miaka yote miwili mtoto yule hakuwahi kuwapo siku ya kukwangua. Alikuja kufundisha siku moja, na kioo cha siku hiyo kilikuwa kitupu.

"Pole sana, mama Damari," alisema Profesa alipopata sauti. "Hii kazi ni mateso. Ndivyo ulivyofanya mara zote?"

Lilikuwa swali la huruma. Halikuwa mtego hata kidogo, na ndiyo maana lilimwingia. Ile ndiyo ilikuwa pale ulimini, nyepesi, neno moja. Damari alimtazama Enock, na Enock alikuwa akitazama kiatu chake.

"Hapana, Profesa," alisema. "Hivi nilifanya mara moja tu, kichupa cha kwanza. Vile vitano vilivyofuata nilipaka wembe mafuta ya alizeti. Ni kawaida yetu sisi warina asali. Sikujua kwamba yana madhara, na sikumwambia. Kosa ni langu, si la mtoto."

Alisema yote kwa pumzi moja. Alingoja ghadhabu. Profesa Rahel hakughadhibika. Alitoa pumzi kwa kicheko kidogo cha uchovu.

"Alizeti," alisema. "Enock, nilikwambia vile vilima nimeviona mahali. Nimesafiri kilomita zote hizi kwa sababu yake. Mimi mwenyewe ningepaka mafuta, kama ningevuta vumbi hili mara moja." Akamgeukia Damari tena, na kicheko kikakatika. "Umesema cha kwanza, halafu vitano."

"Ndiyo."

"Hivyo ni sita. Mimi nimeonyeshwa vipimo vya vitano."

Damari alisikia maneno hayo, na ilimchukua muda kuyaelewa. Kisha akakumbuka njia ya msituni, na namna alivyokatizwa alipotaka kutaja kichupa cha kwanza, na akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Mtoto hakudanganywa na mafuta ya Damari peke yake. Alikuwa na kichupa kimoja kikavu tangu mwanzo. Kilimwambia kitu asichotaka kusikia, akakiweka pembeni.

Enock aliinua uso. Hakumtazama Profesa, alimtazama mama yake mdogo, kwa macho ambayo Damari aliyajua tangu zamani. Ni macho yaliyokuwa yakimgeukia yeye, mwalimu mkuu alipoita wazazi, na mwenye shamba alipokuja kulalamika miwa imeibwa. Kila mara Damari alikuwa amejibu kwa niaba yake. Mtoto alikuwa mgonjwa, mwalimu. Miwa nilimtuma mimi. Na sasa jibu lilikuwa rahisi kuliko yote: nimekosea kuhesabu, Profesa, vilikuwa vitano, mimi ni mtu wa porini. Daftari angesema lina makosa. Profesa angeamini. Mafuta yangebaki kosa la mama mmoja wa Rungwa, na Enock angetoka safi.

Midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Akaifunga.

Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile ya kukaa kimya. Mikono ilitaka kufanya kitu, akaishikanisha. Miguu ilitaka kwenda, akakaa chini kwenye majani makavu, kioo mapajani, akangoja. Profesa naye alingoja. Nyuki mmoja alizunguka kichwa cha Enock, na Enock hakumfukuza.

"Vilikuwa sita," alisema Enock.

"Cha sita kiko wapi?"

"Kipo kwenye friza ya maabara. Nilikipima. Hakikufanana na vingine, nikakiacha."

"Kilionyesha nini?"

"Mstari mwembamba." Sauti yake ilishuka. "Hakikuwa na mafuta."

Profesa Rahel hakupaza sauti. Alisema kwamba kichupa kilichoharibika kwa bahati mbaya ni jambo la kila siku, kila maabara inavyo, mtu anaandika na kuanza upya. Kilichofichwa ni jambo jingine, na hilo Enock atalijibia mbele ya kamati. Pengine watamwongezea muda. Pengine watamwondoa. Yeye hakuwa na la kuahidi. Kisha alimsaidia Damari kuinuka, akakifunga kichupa kipya kwa mkono wake mwenyewe.

Enock aliondoka na gari lile lile. Kabla ya kupanda alimsogelea Damari aliyekuwa amesimama kando ya banda la mumewe.

"Ungesema tu umekosea hesabu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningeweza," alisema Damari.

Akapanda. Tangu alipoletwa akiwa na miaka sita hakuwahi kutoka nyumba ile bila kuaga, na siku hiyo aliondoka bila kuaga. Damari aliingia jikoni akalia kwa uchungu, waziwazi, huku akiosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Wiki zikapita, moja, mbili, tano. Hakupiga simu, na yeye Damari hakupiga, ingawa mara nyingi alifika mpaka kwenye jina lake kwenye simu na kurudi. Alikuwa anatoka na kuingia mpaka Melkiori akamwomba, kwa heshima zote, amhurumie mlango. Hakujuta kunyamaza, na jambo hilo lenyewe lilimuuma. Alichokuwa anakitaka ni kujua kama mtoto bado ni wake.

Ujumbe uliingia mchana wa Jumanne, akiwa karibu na ghala la asali, mahali ambapo mtandao unashika ukipenda. Aliusoma amesimama.

"Shikamoo mama mdogo. Kamati imenipa mwaka mmoja, na onyo. Kile cha kwanza tumekipima tena mimi na Profesa. Sumu ya nyuki wetu ni kama ya nyuki wa kwingine. Hakuna jipya. Nahitaji vingine sita. Usikwangue wewe. Nitakuja kukwangua mwenyewe."

Aliusoma mara tatu. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira, ya wiki tano zote, na akaanza kuandika jibu refu kuhusu watu wanaoondoka bila kuaga, na maharage yaliyoungua, na fedheha ya mbele ya Profesa. Alipofika katikati hakuweza kuona herufi vizuri kwa machozi. Akafuta yote. Akaandika neno moja, marahaba, akabonyeza kutuma.

Halikwenda. Mtandao ulikuwa umeondoka. Damari akainua simu juu ya kichwa, akaanza kulizunguka ghala, akapanda kwenye kichuguu, akashuka, akavuka barabara bila kutazama, akarudi, mkono bado juu, mpaka simu ikaandika kwamba ujumbe umefika.